Maswali ya Wasomaji: Kimbunga Kikikaribia Pwani, Utabiri Unatuambia Nini?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mmiliki wa mashua mbili za uvuvi hapa Kilwa Kivinje. Aprili 2021 tulitangaziwa kwamba Kimbunga Jobo kinakuja, tukapandisha vyombo pwani na kukosa riziki kwa siku kadhaa, lakini hatukuona chochote. Mei 2024 tukatangaziwa Hidaya. Manahodha wangu waliposikia kwamba kitovu kinaelekea Mafia na kwamba nguvu zake zinapungua, walisema Mafia ni mbali na sisi. Matokeo yake mvua na upepo vilitukuta hapa hapa, na barabara ya Lindi ikakatika Somanga. Je, utabiri ulikosea mara zote mbili?

JIBU: Ndugu msomaji, utabiri wa kimbunga hubeba mambo manne kwa wakati mmoja: kitovu kitapita wapi, kitafika lini, kitakuwa na nguvu kiasi gani wakati huo, na upepo, mvua na mawimbi vitaangukia upande upi wa kitovu. Wengi wetu hulisikia la kwanza tu, kwa sababu ndilo linalochorwa kwenye ramani na kusomwa redioni. Jobo alituponyokea katika jambo la tatu, na yaliyowapata ninyi wakati wa Hidaya yalikuwa katika la nne.

Nianze na Jobo. Kimbunga hula joto la bahari. Maji ya juu yakiwa na nyuzi 26 au 27 na zaidi, tena kwa kina cha makumi ya mita, mvuke hupanda, mawingu hujijenga, na mgandamizo wa hewa katikati huzidi kushuka. Hata hivyo bahari ya joto peke yake haitoshi. Upepo wa juu ukivuma kwa kasi au mwelekeo tofauti na ule wa chini, mnara wa mawingu huinamishwa na kupasuliwa, na hewa kavu ikiingia kati, mvua hukatika na moyo wa dhoruba hupoa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Jobo, ambacho kilifika pwani ya karibu na Dar es Salaam kikiwa mabaki tu. Kulitabiri jambo hilo siku tatu kabla ni kazi ngumu kuliko kutabiri njia, hasa katika bahari yetu, ambako hakuna ndege zinazopelekwa mara kwa mara ndani ya vimbunga kupima upepo kama ifanyikavyo upande wa Marekani. Watabiri wetu hukadiria nguvu kwa kusoma umbo la mawingu katika picha za setilaiti, kwa njia aliyoianzisha mtaalamu wa Marekani Vernon Dvorak katika miaka ya 1970.

Njia ya kimbunga hutabirika vizuri zaidi kwa sababu kimbunga hakijiongozi chenyewe. Husukumwa na mikondo mikubwa ya upepo inayokizunguka, mfano wa jahazi lisilo na usukani. Kompyuta hupewa hali ya anga ya sasa, kisha hurudia hesabu ile ile mara nyingi, kila mara hali ya mwanzo ikiwa imebadilishwa kidogo. Njia zote zikikubaliana, mtabiri huwa na uhakika. Zikitawanyika kama vidole vya mkono, husubiri na kusema kwa hadhari. Kwa wastani, kosa la mahali pa kitovu katika utabiri wa saa 24 ni la makumi ya kilomita, lakini kwa utabiri wa siku tano huwa ni mamia. Ndiyo maana Aprili 2019 wakazi wa mabondeni Mtwara waliambiwa wahame kwa ajili ya Kenneth, ambacho hatimaye kiliingia nchi kavu kusini ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, na kuleta maafa makubwa huko. Kuwahamisha watu wa Mtwara ulikuwa uamuzi sahihi, na ningeomba urudiwe hali ikiwa vile vile.

Sasa tuje Kilwa, maana hapa ndipo penye somo ambalo natamani kila nahodha alijue. Katika nusu ya kusini ya dunia, upepo huzunguka kitovu cha kimbunga kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kimbunga kinapotoka mashariki kuelekea pwani yetu, upande wa kusini wa kitovu upepo huvuma kutoka baharini kuja nchi kavu, ukiyasukuma maji na mawingu ya mvua juu ya ufuko. Upande wa kaskazini upepo huvuma kutoka bara kwenda baharini, na maji husukumwa nje. Kitovu cha Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Chukua ramani uone: kutoka Mafia hadi Dar es Salaam, na kutoka Mafia hadi Kilwa Masoko, masafa yanakaribiana, kilomita mia na ushei kila upande. Dar es Salaam ilikuwa kaskazini ya kitovu, Kilwa ilikuwa kusini. Umbali uliwadanganya manahodha wako. Swali lililofaa kuulizwa lilikuwa la upande. Mwaka 2019 Mtwara nayo ilikuwa kaskazini ya Kenneth.

Kwa maoni yangu, hapa taarifa zinazosomwa redioni zinaweza kuboreshwa. Kutaja kitovu bila kutaja upande wenye upepo wa kutoka baharini ni kumwachia mvuvi nusu ya habari.

Liko jambo jingine ambalo wavuvi wenyewe wanalijua kuliko mimi, nalo ni mwezi. Hidaya alifika siku chache baada ya robo ya mwisho, mwezi 25 wa Mfungo Mosi, maji yakiwa bado karibu na maji mafu. Kama dhoruba ile ingefika siku nne au tano baadaye, katika bamvua na wakati wa maji kujaa, bahari ingepanda juu zaidi katika mji wenu, ambao nyumba zake nyingi zimekaa karibu kabisa na ufuko. Kila mara mkisikia tahadhari ya kimbunga, hesabuni pia siku za mwezi.

SWALI: Hapa Malindi wazee husema vimbunga haviji kwetu. Mbona mwaka 2024 tulitahadharishwa juu ya Ialy?

JIBU: Wazee wana hoja yenye msingi. Mzunguko wa dunia ndio unaoufanya upepo ujipinde na kuzunguka kitovu, na nguvu hiyo hufifia kadiri unavyokaribia ikweta, kiasi kwamba ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi tano za latitudo. Malindi iko kwenye nyuzi tatu na kidogo kusini. Lakini kimbunga kilichozaliwa mbali zaidi kinaweza kusukumwa kuja kwenu, na Ialy, iliyofuata baada ya Hidaya mwezi huo huo wa Mei, ilipanda kaskazini na kuleta upepo mkali na mawimbi katika pwani ya Kenya. Unguja, iliyo kwenye nyuzi sita, ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, kikavunja merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu, na Lindi ilipigwa Aprili 1952.

SWALI: Taarifa hubadilika mara kwa mara. Asubuhi wanasema hivi, jioni vile. Sisi wa Mafia tuamini ipi?

JIBU: Aminini ya mwisho kutolewa, na msione kubadilika kwake kuwa ni udhaifu. Kituo cha kanda cha kufuatilia vimbunga, kilichopo kisiwa cha Réunion, hukitathmini upya kimbunga kila baada ya saa sita, kwa vipimo vya saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa saa zetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzipima habari hizo pamoja na picha za setilaiti na rada zake, kisha hutoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, ikizingatia uwezekano wa jambo kutokea na madhara yake. Kwa hiyo, kabla ya kuisoma taarifa yoyote, tazameni kwanza tarehe na saa iliyotolewa. Sauti zinazosambazwa kwenye simu bila saa wala tarehe mara nyingi ni za jana, na kwa kimbunga kinachotembea kilomita 15 kwa saa, jana ni zaidi ya kilomita 300 nyuma.