Themometa yako inapima nini hasa? Maswali yenu ya wiki hii

Tangu baridi iingie karibu kila mtu anauliza mambo ya themometa, wacha tuanze.

"Mtoto nimempima kwapani na ile ya betri ikasema 38.1, kufika kemisti wakampima kwa paji na ile ya bunduki ikasema 36.6. Niamini gani?" Mama Baraka, Kayole

Amini ya kwapani, mama. Ile ya betri iko na kidude kidogo hapo kwa ncha kinaitwa thamista, kikipata joto umeme unapita kwa urahisi zaidi na chipu inaugeuza kuwa namba, kwa hivyo lazima ncha iguse ngozi kavu na mkono ubanwe mpaka ilie, ukiitoa mapema itasoma chini. Ya bunduki haigusi kitu, inasoma miale ya joto inayotoka kwa ngozi ya paji, na mkitembea na hiyo baridi ya asubuhi paji linapoa haraka sana hata kama ndani mtoto anachemka, akiwa na jasho ndio mbaya kabisa. Kwapani ikifika 37.5 hiyo ni homa. Na kama hajafikisha miezi mitatu tafadhali usingoje kesho, mpeleke hospitali.

"Hiyo bunduki si inapiga miale kwa ubongo?" Soja wa geti, Westlands

Hapana, inapokea tu. Ila zile za mafundi ziko na taa nyekundu ya leza ya kulengea, hiyo usimulike mtu machoni.

"Nimenunua themometa ya jikoni Luthuli, nikaichovya kwa maji yanayotokota ikasimama 94. Nirudishe?" Brayo, Umoja

Usirudishe, hiyo iko sawa kabisa! Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa huku inakandamiza maji kidogo kuliko pwani, kwa hivyo yanachemka kwa digrii 94 hivi, Mombasa ndio ungeona 100 (na ndio maana githeri ya huku inamaliza makaa). Anders Celsius mwenyewe, yule mwenye digrii hizi, mwaka wa 1742 alishaeleza kwamba kuchemka kwa maji kunafuata mgandamizo wa hewa lakini barafu kuyeyuka hakubadiliki, kwa hivyo kagua na barafu: ponda ijae glasi, ongeza maji kidogo, koroga, ncha isiguse glasi, ngoja dakika chache. Isome 0 au karibu hapo.

"Ya glasi imevunjika kwa bedroom, vitone vinakimbia kila mahali." Njeri, Rongai

Toa watoto, funga mlango, fungua madirisha. Usifagie, utavipasua viwe vidogo zaidi, na hiyo zebaki inatoa mvuke wa sumu usio na harufu. Visukume pamoja na karatasi ngumu, tia kwa chupa yenye kifuniko, usimwage kwa sinki, halafu uliza hospitali ya karibu kama wataipokea. Zebaki ikipata joto inatanuka na kupanda kwa mrija, na juu ya kile kichupa cha chini chenye zebaki kuna shingo nyembamba inayoizuia kurudi, ndio maana tulikuwa tunaikung'uta. Ni kifaa kizuri lakini sumu ni sumu, mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa nchi nyingi kuhusu zebaki, ulitaka themometa hizi zisitengenezwe wala kuingizwa au kuuzwa nje ya nchi kufikia 2020.

"Nauza mandazi. Bunduki nikilenga sufuria inasema 60 na mafuta yanatoa moshi!" Mama Achieng, Kibra

Alumini inayong'aa haitoi miale vizuri, inarudisha ya vitu vilivyo karibu kama kioo, kwa hivyo inakudanganya vibaya sana, na mafuta ya moto si ya kukisia. Tafuta ile ya waya, themokapo: metali mbili tofauti zimeunganishwa kwa ncha, ncha ikipata joto kuliko upande wa pili zinatoa umeme kidogo sana, kitu mwanasayansi Seebeck aligundua Ujerumani 1821. Chovya ncha katikati ya mafuta, isiguse chini ya sufuria.