Karatasi ukutani: kagua ukuta kabla hujanunua kitu

Karatasi ya zawadi, kaki ya kujalidia madaftari, kalenda ya mwaka uliopita: vyote hivi vinapamba chumba kwa fedha ndogo. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni ukuta wenyewe, hasa nyumba zetu za zamani za mawe na chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji kutoka chini na kuyatoa polepole ndani ya chumba pamoja na chumvi. Ukiuziba, karatasi huvimba mabaka, na ukiibandua unakuta unga mweupe nyuma yake. Hiyo ndiyo chumvi, na hakuna gundi inayoiweza.

Kwa hiyo pima kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, ziba pande zote nne kwa selotepu, uache mchana na usiku. Ukikuta matone upande wa ukutani, usigandishe kitu hapo. Na selotepu ikikataa kushika, jibu umeshalipata: chokaa inatoa unga, na karatasi itashika unga, haitashika ukuta. Fagia kwa brashi kavu, paka gundi nyepesi (bilauri moja ya gundi kwa mbili za maji), subiri ikauke kabisa. Rangi ya mafuta isugue kwa msasa kwanza.

Gundi ya unga wa ngano inatosha. Koroga bilauri moja ya unga na moja ya maji baridi mpaka mabuje yaishe, mimina kwenye bilauri nne za maji yanayochemka, endelea kukoroga dakika tano hadi iwe kama uji unaong'aa. Chuja. Tia kijiko cha chai cha shabu iliyosagwa ili kuchelewesha ukungu. Tumia siku hiyohiyo. Kwa joto letu huchacha upesi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, acha kabisa kazi hii.

Mpango unaopendeza ni wa kanga: mji (sehemu ya katikati) wa karatasi ya maua, pindo la kaki la sentimita 10 kuzunguka. Karatasi nne za sentimita 50 kwa 70 zinatoa mji wa mita moja kwa mita 1.4, nunua ya tano, kwani kulinganisha maua hula karatasi. Pindo linaficha kingo zilizokwenda upogo, na zitakwenda. Usifuate kona ya ukuta, nyumba nyingi kona zake si wima. Ning'iniza uzi wenye jiwe, chora mstari kwa penseli, anzia hapo.

Kaki paka gundi mgongoni, ikunje bila kuibana, isubiri dakika tatu hadi tano. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika kabla haijamaliza kutanuka, itatanukia ukutani na kufanya malengelenge. Ya zawadi ni nyembamba, huchanika ikilowa, kwa hiyo gundi paka ukutani. Sukuma hewa kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni. Feni zima: kingo zikitangulia kukauka hujikunja.

Ukuta wenye maji, au wa udongo, usiubandike. Chukua boksi la friji, likate, ulibandike karatasi mbele NA nyuma. Wengi huiona ya nyuma ni hasara, lakini gundi ikikauka huvuta, na boksi lililobandikwa upande mmoja hupinda kama ungo. Lining'inize kwa uzi, ukiacha upenyo wa kidole nyuma upepo upite.

Picha zilizochapwa nyumbani zijaribu kwa kidole kilicholowa. Wino ukitoka, gundi itauchafua wote. Gazeti litageuka manjano, zaidi likipigwa na jua la dirishani. Chetezo nacho kikae mbali na karatasi: moshi wa udi hufanya doa la kahawia lisilofutika, na cheche moja ya kaa inatosha kuwasha moto.