Usinunue mashine ya plastiki kabla hujajua mzigo utatoka wapi

Simu ninazopigiwa kuhusu biashara ya kurejeleza plastiki zinafanana. Mtu ana akiba yake, ameona video ya mashine ya China inayomeza chupa chafu upande huu na kutema chenga nyeupe za plastiki upande ule, sasa anataka nimshauri achukue ya ukubwa gani. Nikimuuliza mzigo ataupata wapi, anacheka. "Si zimejaa mitaroni?"

Zimejaa, sikatai. Ila chupa iliyo mtaroni bado haijawa mali ghafi. Mpaka iokotwe, ichambuliwe, irundikwe mahali ambapo kirikuu inafika, na kila aliyeigusa njiani anataka chake leo. Kwa miaka ninayonunua plastiki hapa Dar es Salaam, kutoka Vingunguti, Buguruni na kwa watu wa dampo la Pugu Kinyamwezi, viwanda nilivyoona vikilala havikulala kwa kukosa mashine.

Piga hesabu mwenyewe. Mashine ya kilo 500 kwa saa, wauzaji wake huiita ndogo. Ikifanya kazi saa 8 inataka tani 4 kwa siku. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina gramu 15 hivi, kwa hiyo tani 4 ni chupa zaidi ya 260,000. Kesho zingine tena. Tuseme kila mwokotaji anakuletea kilo 20, ambazo si mchezo kuzibeba kwa jua hili: unahitaji watu 200, wote wakuletee wewe, wala wasipitie kwa jirani.

Na jirani yupo. Akiongeza shilingi 20 kwa kilo, asubuhi utaona magunia yanapita mbele ya geti lako yakielekea kwake. Wageni wengi hukimbilia kupandisha bei, na jirani naye anapandisha, mwisho nyote wawili mnanunua kwa hasara. Kwangu bei haijawahi kuwa ya juu kuliko zote mtaani. Kinachowarudisha kina mama wanaoniletea ni mizani isiyochezewa, hela mkononi hapo hapo, na kujua kwamba shule zikifunguliwa wanaweza kukopa kidogo wakakatwa polepole. Mvua za masika zikianza, dampo linakuwa tope na mzigo unapungua kila mahali. Hapo ndipo utajua nani ni mtu wako.

Hiyo hela ya hapo hapo ndiyo inayowamaliza wenye mitaji midogo. Wewe unalipa leo, kiwanda unachokiuzia kinakulipa baada ya siku 30, kikipenda. Chukua bei ya mfano ya shilingi 500 kwa kilo: ukinunua tani 2 kila siku, kabla ya malipo ya kwanza kuingia umeshatoa shilingi milioni 30, bado hujaweka mafuta ya gari wala posho ya wachambuaji. Fedha hii haimo kwenye michanganuo mingi ninayoonyeshwa. Mashine ipo, banda lipo, umeme wa njia tatu upo, ya kununulia mzigo haipo.

Tena kilo unayoilipia siyo kilo utakayoiuza. Kuna maji ndani ya chupa, mchanga, vifuniko, lebo, na mara moja moja jiwe lililowekwa kwa makusudi. Nunua chupa zilizofunguliwa vifuniko na kukanyagwa, na uilipe kazi hiyo kidogo. Vifuniko siyo tatizo kubwa, kwa kuwa vikishasagwa huelea na chenga za chupa huzama. Cha kuogopa ni PVC, plastiki ya mabomba, ambayo nayo inazama. Ikichanganyika na chenga za PET, yaani plastiki ya chupa za maji, huungua kabla PET haijayeyuka, na hata kiasi kidogo tu kinaharibu rangi ya mzigo mzima. Ndiyo maana mchambuaji mzuri namlipa vizuri.

Ukishavuka hayo, kuna bei ambayo huna mamlaka nayo. Plastiki mpya hutokana na mafuta na gesi. Mafuta yalipoporomoka mwaka 2020, viwanda vingi duniani viliona afadhali kununua mpya. Miaka miwili kabla yake China ilikuwa imefunga mlango kwa taka za plastiki kutoka nje. Na sheria za nyumbani nazo zipo: tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania, na aliyekuwa ametegemea mifuko hiyo peke yake ilibidi atafute mzigo mwingine.

Kama mtaji wako ni wa kawaida, ningekushauri uziache chupa za maji kwanza. PET inataka kuoshwa kwa maji ya moto na magadi makali (caustic soda) ili gundi ya lebo itoke, na wanunuzi wake ni wachache na wanachagua. Anza na plastiki ngumu: madumu, ndoo, mabeseni, viti vilivyovunjika. Uzito wake unajaza gari upesi, haihitaji moto kuosha, na watengenezaji wa mabeseni na mabomba wako humu humu mjini. Nunua mizani, kodi eneo lenye njia ya gari, kaa ununue na kuuza bila kusaga hata kilo moja mpaka ujue msimu wa mvua unakufanyaje. Ukitaka lazima kutumia hela kwenye chuma, nunua mashine ya kufunga marobota, maana siku ukianza kununua chupa, kuzisafirisha bila kuzibana ni kulipia gari libebe hewa.

Madumu ya oili yatenge tangu getini. Yakiingia kwenye tanki la kuoshea yanachafua kila kitu, na maji yale huwezi kuyamwaga mtaroni halafu ukategemea NEMC, baraza la taifa la mazingira, wasikufikie. Na kabla ya gunia la kwanza, nenda kwa huyo utakayemuuzia, akuandikie anataka rangi gani, unyevu usizidi kiasi gani, na analipa siku ya ngapi.