Besi inayopotea bendi ikianza

Yaya, unalaumu wati za ampli kwamba ni chache, lakini hazina kosa. Ulizikata mediamu, yaani sauti za kati, ndiyo maana besi inayojaa nyumba nzima ukiwa peke yako inapotea gita la solo na dramu zikiingia. Uzi wa E wa besi ya nyuzi nne unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika nyingi ndogo za kukodi hazifiki huko chini. Sikio linaitambua noti kwa mitetemo iliyo juu yake: 82, 123, na kuendelea. Kwa hiyo punguza sauti za chini kidogo, pandisha kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 na 800. Wakati wa balansi, yaani kujaribu sauti kabla ya kupiga, itakuudhi, itasikika kama mtu anayeongea kwa pua. Iache hivyo hivyo! Mimi nilibishana na fundi wa sauti kanisani Kadutu, Bukavu, miezi mingi kabla ya kushuka jukwaani na kusikiliza mwenyewe katikati ya watu.

Besi isiyo na betri usiichomeke kwenye mlango wa laini wa mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), itadhoofika. Pitia kisanduku cha DI, kile kinachoifanya sauti ya besi iendane na mikisa. Tukiwa kwenye jenereta na mvumo ukaanza, bonyeza kitufe cha kutenga ardhi kwenye hicho kisanduku. Pini ya ardhi ya plagi usiikate kamwe, umeme utakurusha.

Ila kama ukumbi ni wa zege tupu na mabati, hata 250 punguza, maana hapo ndipo mwangwi unapojazana.