Kabla ya viinitete, damu ya baba

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Nina miaka 33, naishi Ngamiani hapa Tanga. Mirija yangu ya uzazi imeziba yote miwili, na daktari wa Dar es Salaam ametuambia njia iliyobaki ni kupandikiza mimba. Tumeuza kiwanja chetu cha Kange, na fedha tuliyopata inatosha mzunguko mmoja tu. Sasa kliniki inatuuliza kama tunataka viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vipimwe vinasaba kabla ya kuwekwa tumboni. Wametaja vipimo viwili, cha seli mundu na cha kuhesabu kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), kila kimoja na bei yake. Mimi nilipima nikaambiwa ni AS, baada ya mtoto wa dada yangu kugundulika ana seli mundu. Tumemuuguza sana yule mtoto. Mume wangu, ambaye ni mtoto wa ami yangu, hajapima. Anasema hajawahi kulazwa hata siku moja, apime nini? Mama mkwe naye anasema kupima ni kumchagulia Mungu. Nifanyeje?
Mama Mtarajiwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote, kilichonishtua si bei wala maneno ya mkweo. Ni kwamba mumeo hajapima. Kulipia kipimo cha viinitete wakati damu ya baba haijulikani ni kuezeka nyumba ambayo ukuta haujasimama.

Wewe ni AS, yaani umebeba S moja, kinasaba cha seli mundu, na huumwi. Mumeo akitoka AA, yaani hana S, hamtapata mtoto wa seli mundu hata mmoja. Wengine watakuwa AA, wengine AS kama mama yao, na kile kipimo cha kwanza mtakuwa hamna haja nacho. Fedha ya kiwanja itabaki kwa ajili ya mzunguko wenyewe. Akitoka AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuwa mtoto wa SS, yaani mwenye S mbili, mgonjwa, na kila mimba hesabu huanza upya. Usimsikilize atakayekwambia kwamba ukishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata ni wazima.

“Sijawahi kulazwa” si jibu. Mwenye AS kwa kawaida haumwi. Wewe mwenyewe ungejuaje, kama si mtoto wa dada yako? Tena huyu ni mtoto wa ami yako. Kama S yako ilitoka kwa baba, huenda ami naye anayo na amempa mwanawe. Ndoa za namna hii hapa pwani tumezikuta na wala sizisemi vibaya, ila zinataka watu wapime.

Na asipime kile cha haraka kinachoonyesha tu kama seli zinajikunja. Aombe kinachotenganisha aina za hemoglobini, ambacho majibu yake huandikwa AA, AS au vinginevyo. Kile cha haraka hakioni thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, nayo ikikutana na S ya mama huzaa mtoto mgonjwa vilevile. Sisi watu wa mwambao tumeoana na watu wa ng'ambo miaka mingi, hatujui babu gani alikuja na nini. Aanze kuulizia hospitali ya Bombo, na kama hawana watamwelekeza. Akiendelea kukataa, mwambie maabara ya vinasaba haiwezi kuanza kazi bila damu yake. Ataitoa tu, basi aitoe mapema.

Sasa tuseme majibu yamerudi AS. Hapo mimi ningepima seli mundu, bila kusitasita. Si teknolojia ya jana: watoto wa kwanza waliotokana na viinitete vilivyopimwa walizaliwa London mwaka 1990, kwa magonjwa mengine, na mwaka 1999 madaktari wa New York wakatangaza kufanikiwa kwa wazazi wenye S kama nyinyi. Lakini ujue unachoingia. Maabara huchukua damu zenu wawili, na mara nyingi ya ndugu ambaye hali yake inajulikana, ili watayarishe kipimo cha familia yenu. Kazi hiyo peke yake huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kabla hujachomwa sindano ya kwanza ya kukuza mayai. Viinitete vikipatikana, hulelewa mpaka siku ya 5 au ya 6, kila kimoja kinanyofolewa seli chache, kisha hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kungoja majibu. Kwa hiyo mwezi huo utarudi Tanga bila kuwekewa kitu. Wajulishe wa nyumbani mapema, maana Ngamiani kwetu mtu akishuka kwenye basi tayari anaangaliwa tumbo.

Jiandae pia na kupungua. Mayai 10 si viinitete 10. Mengine hayajakomaa, mengine hayashiki mbegu, na vingi hufia njiani kabla ya siku ya 5. Unaweza kubaki na vitatu, au kimoja, na hata hicho kimoja kinaweza kutoka SS. Kaeni na mumeo mliongee hilo kabla, si siku ambayo simu ya kliniki inaita. Na hapa nisikilize vizuri: kiinitete cha AS si kigonjwa. Nimesikia wanandoa wanaodai wawekewe AA tu, wakaacha vingine vizuri kabisa. Wewe ni AS, na umefika miaka 33 ukiuguza wengine.

Kipimo cha pili, cha kuhesabu kromosomu, kwa umri wako ningekiacha. Kinatafuta viinitete vyenye kromosomu pungufu au za ziada, tofauti na zile 46 za kawaida, kama inavyotokea kwa mtoto mwenye hali ya Down, aliye na kromosomu moja ya ziada. Mwanamke wa miaka 40 ana sababu ya kukifikiria, kwa sababu kasoro hizo huongezeka sana na umri. Wewe ungeongeza gharama kwa faida ndogo. Huko China walifuatilia wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37, matokeo yakachapishwa mwaka 2021: waliopimiwa viinitete walijifungua asilimia 77.2, wasiopimiwa asilimia 81.8. Mimba kuharibika kulipungua kidogo, lakini watoto hawakuongezeka. Kliniki ikikusisitizia, waulize kwa miaka 33 kitakuongezea nini hasa, na wakujibu kwa umri wako, si kwa umri wa kila mteja.

Mama mkwe ni mke wa ami yako, usimjibu kwa ukali. Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Misri, ilitoa fatwa mwaka 1980 kwamba kutungisha nje ya mwili kunaruhusiwa, mradi yai ni la mke na mbegu ni za mume. Kuhusu kupima, nendeni kwa shehe mnayemwamini na mumweleze kitu chenyewe: kiinitete cha siku 5, ugonjwa unaojulikana, hakuna anayechagua kiume wala kike. Mimi ni mkunga, fatwa sitoi. Na akisema S ni mkosi wa ukoo, mwambie kwa upole kwamba ni kwa sababu ya malaria. Daktari Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS wana kinga dhidi ya malaria kuliko wengine. Kwenye mabonde ya Muheza na Pangani, huenda ni S hiyohiyo iliyomvusha bibi yenu utotoni.

Mkiamua kutopima viinitete pia sitawalaumu. Ila mtoto apimwe mara tu akizaliwa. Akiwa SS, aanzishiwe penisilini akiwa mchanga mpaka miaka 5, na mumuulize daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kupunguza maumivu ya seli mundu. Dada yako anaijua njia hiyo kuliko mimi.

SWALI: Bi Mkunga, kunyofoa seli za kiinitete hakumwachi mtoto na kilema?
Msomaji, Pangani

JIBU: Seli hunyofolewa tabaka la nje, linalokuja kuwa kondo la nyuma, si pale mtoto anapoumbika. Watoto waliofuatiliwa hawakuonekana kuwa na vilema zaidi ya wengine. Hatari iko kwa kiinitete chenyewe, kwamba kinaweza kushindwa kuhimili kunyofolewa au kugandishwa, ndiyo maana mkono wa mtaalamu wa maabara una maana kubwa. Uliza wamefanya kazi hiyo miaka mingapi. Na kwa kuwa hakuna kipimo kisichokosea kabisa, mimba ikishika madaktari hushauri kuhakikisha tena, kwa kuchukua kipande cha kondo kuanzia wiki ya 11 au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Vipimo hivyo vina hatari ndogo ya kuharibu mimba, kwa hiyo wapo wanaongoja mtoto azaliwe wapime damu yake.