Uwanja wa Allen ni wa sekondari kweli

Wengi hawaamini kwamba uwanja wa Allen wa mpira wa Marekani (American football), unaochukua watu 18,000, ni wa sekondari. Ndiyo, ni wa sekondari, si wa chuo kikuu, tena sekondari ya serikali. Ni Eagle Stadium wa Allen High School, kaskazini mwa Dallas, Texas. Ulifunguliwa 2012 kwa takriban dola milioni 60. Pesa hazikutoka kwenye ada wala kwa tajiri fulani: wapiga kura wa hapo waliidhinisha hati fungani, yaani mkopo wa umma, mwaka 2009, na deni la namna hiyo Texas hulipwa kwa kodi ya majengo na ardhi.

Nimeishi Plano, mji wa jirani, na kilichonifungua macho ni kwamba wilaya ya elimu ya Allen haikugawa wanafunzi wake katika sekondari kadhaa kama majirani. Wote wanaishia shule moja, maelfu ya watoto, kwa hiyo mji mzima una timu moja ya kushangilia Ijumaa usiku. Kyler Murray, aliyekuja kucheza NFL, ligi kuu ya mchezo huo, alicheza pale: mechi 42 akianza, hakupoteza hata moja, ubingwa wa jimbo 2012, 2013 na 2014.

Ila si uwanja wa sekondari ghali kuliko vyote tena. McKinney na Katy, miji mingine ya Texas, walijenga vya takriban dola milioni 70. Na 2014 uwanja wa Allen ulifungwa kwa sababu ya nyufa kwenye zege, ukafunguliwa tena 2015. Ubingwa wa 2014 waliuchukua bila kuwa na uwanja wao.