Shangazi, kwani miadi ni neno baya?

Shikamoo shangazi. Mke wangu amechukua watoto akarudi kwao Ahero baada ya kusoma ujumbe kwenye simu yangu: "Usisahau miadi yetu Ijumaa, palepale Dunga." Nilikuwa naenda kuonana na fundi wa gari tu. Mimi si mtu wa kufua, lakini usiku huo nilifua shati langu mwenyewe, na hilo pia amelifanya kesi. Sasa kila jioni nashuka matatu nakuta nyumba giza. Mweleze kwamba miadi ni neno la kawaida, hata hospitali hulitumia.
Baba wa watoto wawili, Kondele, Kisumu

Pole kwa upweke, mwanangu. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, mi'ad, kutoka mzizi wenye maana ya kuahidi: ni wakati au mahali watu walipoahidiana kukutana. Qurani, sura ya 3 aya ya 194, yasema Mungu havunji miadi. Mgonjwa ana miadi na daktari. Wapenzi nao huwekeana miadi. Neno halina kosa, na sidhani mkeo aliligombea. Yeye alisoma "yetu" na "palepale". Palepale ni mahali mlipokwisha kwenda.

Na gari liko wapi, nawe unashuka matatu kila jioni? Njia ya mwongo ni fupi. Mwanamume asiyefua akiinamia karai usiku, anasugua ukosi wa shati, mkewe hahitaji kamusi. Niko upande wake.

Siku hizi tunaipa dhambi majina laini. Uzinzi tumeuita mpango wa kando, na mwaka 2013 jina hilo likaingia hadi kwenye tangazo la kondomu katika televisheni zetu. Viongozi wa dini walilalamika, tangazo likaondolewa, jina likabaki midomoni. Watu wa ndoa wanamwekea mtu wa nje saa na mahali, wa nyumbani hana hata siku moja. Mama watoto ulimpeleka lini Dunga kula samaki? Barua yako haisemi.

Jumamosi nenda Ahero. Usianze na maana ya miadi. Mwambie ni nani aliyekuandikia na mmeonana mara ngapi, kisha ufute namba hiyo akiona. Akikataa kurudi, msalimie mama mkwe kwa heshima, acha pesa za watoto, na Jumamosi inayofuata uende tena.